Godoro la NASA na chujio la Apollo: ninunue au niache?

*"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Usa River, Arusha. Mwezi uliopita mawakala walikuja kwenye kikao cha kikoba chetu wakiuza godoro linalokumbuka umbo la mwili. Wanasema liliundwa na NASA kwa ajili ya wanaanga, na kwamba linaondoa maumivu ya mgongo, presha na hata kisukari. Bei yake laki tisa. Wanauza pia chujio la maji lenye madini ya fedha, 'kama la kwenye Apollo', laki nne na nusu, na wanadai linatoa kila kitu kibaya majini. Mama yangu ana miaka 63, mgongo unamsumbua zaidi ya mwaka, na siku hizi anasema mguu wa kushoto unakufa ganzi. Maji yetu ni ya kisima, na wanangu wawili meno yameanza kuwa na madoa ya kahawia. Kaka yangu anasema habari zote za NASA ni porojo, kama ile hadithi kwamba Teflon (ule utando wa kikaango kisichogandisha chakula) na Velcro (kile kifungio cha kubandika na kubandua) zilitoka angani. Nimeshatoa kianzio cha elfu hamsini kwa godoro. Je, ni kweli vitu hivi vimetokana na safari za anga? Na ninunue?"*

Marahaba, mwalimu. Kabla ya godoro, kabla ya NASA: mguu wa mama unaokufa ganzi ni kazi ya daktari, na usisubiri mwisho wa mwezi. Nitalirudia hilo kwa urefu, ila hata kama una dakika moja tu ya kusoma, ondoka nalo.

Sasa tuje kwenye maswali yako, kwa sababu yako mawili. La kwanza, je, asili ya vitu hivi ni utafiti wa anga? La pili, je, vitakufaa wewe? Wakala anapenda sana uyachanganye, ili ukishakubali la kwanza uone la pili limejijibu. Halijajijibu. Kila kifaa kilichotoka kwenye maabara za anga kilibuniwa kutatua shida fulani, tena mara nyingi shida ya ajabu ambayo wewe na mimi hatuna. Cha kuuliza ni: shida hiyo ilikuwa ipi, na je, ndiyo uliyo nayo nyumbani?

Tuanze na godoro. Asili yake ni ya kweli, lakini si ile uliyoambiwa. Mwaka 1966 mhandisi Mmarekani Charles Yost alikuwa na kazi ya mkataba kwa kituo cha utafiti cha NASA cha Ames, California. Kazi hiyo ilihusu viti vya ndege. NASA inashughulika na ndege za kawaida pia, si roketi tu, na walitaka kiti ambacho ndege ikipiga chini, aliyekikalia asivunjike uti wa mgongo. Yost akapata sponji ya poliurethani yenye tabia ya pekee. Ukibonyeza sponji ya kawaida na kuiachia, inarudi papo hapo na kukurudishia nguvu uliyoiweka. Hii inarudi polepole, kwa sababu molekuli zake ndefu zinasuguana zinapojinyoosha, na nguvu ya kishindo inaishia humo humo ndani kama joto dogo. Ndiyo sponji ambayo leo wauzaji wanaiita memori.

Wanaanga hawakuwahi kuihitaji kwa kulala. Kwenye kituo cha anga mtu analala ndani ya mfuko uliofungwa ukutani, kwa kuwa mwili hauna uzito wa kuelemea chochote. Godoro ni kifaa cha watu tunaobanwa na mvutano wa dunia. Biashara ya magodoro ya sponji hii ilikuja baadaye sana, pale kampuni moja ya Sweden ilipoingiza lake sokoni mwaka 1991.

Tabia yake ya pili ndiyo itakayokuhusu zaidi: sponji hii hulainika kwa joto. Bega na nyonga vinaipasha, inazama kidogo, na uzito wa mwili unatawanyika eneo kubwa badala ya kukaa kwenye mifupa miwili mitatu. Hiyo ni faida ya kweli kwa mgonjwa asiyeweza kujigeuza, maana mgandamizo wa sehemu moja kwa saa nyingi ndio unaoleta vidonda vya kitandani. Hospitali na watengenezaji wa viti vya magurudumu waliichukua kwa sababu hiyo. Lakini joto hilo hilo lina upande wa pili. Huko kwenu chini ya Meru, usiku wa mwezi wa saba, mama atapanda kitandani akute godoro gumu hadi mwili wake ulipashe. Ndugu yenu wa Dar es Salaam naye atalalamika kwamba linamzamisha na linamtoa jasho. Na mtu mzima mwenye mgongo mbovu akishazama ndani yake, kujigeuza upande wa pili au kuamka kwenda msalani kunamgharimu nguvu kuliko kwenye godoro la kawaida.

Je, linaondoa maumivu ya mgongo? Zamani madaktari wengi walishauri mgonjwa wa mgongo alale kwenye kitu kigumu, hata ubao. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti uliofanyika Hispania kwa watu 313 waliokuwa na maumivu ya muda mrefu ya kiuno yasiyo na ugonjwa mahususi uliobainika. Nusu walipewa godoro gumu, nusu godoro la ugumu wa kati, bila kujua wamepewa lipi. Baada ya siku 90, waliolalia la ugumu wa kati walikuwa na nafuu zaidi. Kilichopimwa pale ni ugumu, na ugumu wa kati unaupata kwenye sponji ya kawaida iliyo nzito, au kwenye godoro la springi, kwa bei ya chini ya hiyo laki tisa.

Kama godoro la mama limeshafanya shimo katikati, libadilishe. Hapo utaona tofauti. Nenda naye dukani, alale chali kwa dakika kumi, akiwa amevua viatu, asione haya. Ingiza kiganja chini ya kiuno chake. Kikipita bila kugusa kitu, godoro ni gumu mno kwake. Mwambie ajigeuze, akihangaika, ni laini mno. Muulize muuzaji uzito wa sponji kwa mita moja ya ujazo, na uangalie alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango. Muuzaji asiyejua uzito wa sponji anayoiuza hana cha kukufundisha kuhusu wanaanga.

Presha na kisukari sitavizungusha: hakuna godoro linalotibu magonjwa hayo. Hapa ndipo ninapowakasirikia mawakala wenu, kwa sababu kinachofuata baada ya maneno hayo ni mzee kuacha vidonge. Bidhaa inayodaiwa kutibu inapaswa kujulikana na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Waombe wakuonyeshe usajili. Nembo ya NASA kwenye karatasi zao nayo isikutishe, maana NASA kwa sera yake haipigi debe bidhaa ya biashara yoyote. Ipo taasisi binafsi ya Marekani, Space Foundation, yenye muhuri wake kwa bidhaa zenye asili ya teknolojia ya anga, lakini muhuri huo unazungumzia asili tu, hauzungumzii tiba.

Sasa mama. Ganzi inayoshuka mguuni huashiria mara nyingi kwamba neva imebanwa mahali inapotokea kwenye uti wa mgongo, na hilo linahitaji mtu wa kumpima nguvu za mguu, hisia na mishtuko ya goti kwa mikono yake. Mpeleke wiki hii. Akianza kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, au mkojo ukagoma kutoka, au ganzi ikaingia sehemu anazokalia, au mguu ukaanza kulegea, basi ni hospitali siku hiyo hiyo, hata iwe usiku. Kama ana homa za jioni, anapungua mwili, au aliwahi kuugua kifua kikuu, mwambieni daktari bila kusubiri kuulizwa, kwa kuwa kifua kikuu hushika pia uti wa mgongo. Na mwambieni kuhusu maji yenu. Nitaeleza kwa nini.

Chujio linanisumbua kuliko godoro, kwa sababu godoro lisilofaa linakula pesa tu.

Maji ya kunywa kwenye chombo cha Apollo yalitoka kwenye mitambo ya umeme iliyounganisha haidrojeni na oksijeni. Mtambo ukitoa umeme, maji yanabaki kama zao la pembeni, na ni maji safi tangu yanapozaliwa. Shida ya wahandisi ilikuwa kuyaweka safi yakiwa tangini, bakteria wasiote. Miaka ya 1960 NASA ilitengeneza kifaa kidogo cha kuachia chembe za fedha majini kwa umeme hafifu. Chembe hizo hushika protini za bakteria na kuzivuruga hadi afe. Kwenye safari zenyewe za Apollo, hata hivyo, wanaanga walitia klorini. Walioshikamana na fedha hadi leo ni Warusi. Wamarekani kwenye kituo cha anga cha kimataifa wanatumia iodini.

Umeona fedha ilipangiwa kazi gani: kulinda maji ambayo tayari ni safi. Kwenye machujio ya nyumbani, fedha inapakwa kwenye mkaa ili bakteria wasizaliane ndani ya mkaa wenyewe. Mkaa unaondoa harufu, klorini na baadhi ya kemikali. Ni kazi halali, sikatai.

Lakini watoto wako wana madoa ya kahawia menoni, na mnakunywa maji ya kisima pembeni ya Mlima Meru. Kwa maelezo hayo, cha kwanza ninachokishuku ni floraidi, ingawa daktari wa meno ndiye atakayethibitisha. Miamba ya volkano huko kwenu imejaa madini hayo, na maji yanayopita ndani yake yanayayeyusha. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya ukanda wenu vinapita hapo. Floraidi iliyoyeyuka hupita kwenye mkaa wa kawaida, haishtuki na fedha, na ukiichemsha unaiongeza makali, kwa sababu maji yanapungua nayo inabaki. Chujio la laki nne na nusu litakupa maji matamu, yasiyo na harufu, yenye floraidi ile ile. Utalala usingizi huku meno ya watoto yakiendelea kuharibika.

Madoa kwenye jino lililokwisha kuota hayarudi nyuma. Jino hupata athari wakati linaundwa ndani ya ufizi, kwa hiyo hadi umri wa miaka minane hivi, kila mwezi wa maji mazuri unaokoa meno yajayo. Na floraidi nyingi kwa miaka mingi huingia kwenye mifupa. Huikakamaza, pamoja na uti wa mgongo. Ndiyo sababu daktari wa mama anapaswa kujua anakunywa maji gani. Sisemi ndicho chanzo, nasema kisiachwe bila kuulizwa.

Msaada mnao jirani. Wizara ya Maji ina kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi Ngurdoto, hapo hapo kwenu, na pia maabara za ubora wa maji. Peleka sampuli kwenye chupa safi ya plastiki, uulize kwanza utaratibu na ada. Namba utakayopewa ina thamani kuliko semina kumi za mawakala. Ikiwa iko juu, njia moja inayotumika ukanda wenu ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe, uliochomwa kwa joto lililodhibitiwa. Mfupa una madini ya kalsiamu na fosfeti, na floraidi inapenda kunasa humo, kama inavyonasa kwenye meno ya mtoto. Mkaa huo hujaa baada ya muda na lazima ubadilishwe, na uliochomwa vibaya hutoa maji yenye harufu. Wapo watakaotaka kujua mifupa ni ya mnyama gani, na wana haki ya kuuliza. Njia ya pili ni mashine ya kusukuma maji kwenye utando wenye vitundu vidogo sana. Inatoa floraidi vizuri, ila inataka presha, inamwaga sehemu ya maji, na utando ni ghali kubadilisha. Ya tatu ndiyo ninayoipenda kwako: maji ya mvua kutoka kwenye bati, yasiyopita kwenye mwamba wowote. Mwaga yale ya mwanzo yanayoosha vumbi, hifadhi kwenye simtanki lenye mfuniko, chemsha, na yatumie kwa kunywa na kupikia tu. Kufulia na kuoga endelea na kisima.

Na magadi kwenye maharage, mwalimu, pumzisheni. Yanalainisha haraka, najua, lakini magadi ya kaskazini yana floraidi nyingi.

Wakala akirudi na ile ya "chujio la kituo cha anga", mwambie haya. Mtambo wa kule juu unavuna hata mkojo na jasho. Mwaka 2023 NASA ilitangaza kwamba umefikia kurudisha asilimia 98 ya maji. Unachemsha mkojo kwa presha ndogo ndani ya pipa linalozunguka, unapitisha maji kwenye vitanda vya kuchuja, kisha kwenye chemba ya moto inayounguza mabaki, ndipo inakuja iodini. Muulize kwenye kopo lake ipo hatua ipi kati ya hizo.

Nije kwa kaka. Kwenye Teflon yuko sahihi: aliigundua Roy Plunkett wa kampuni ya DuPont mwaka 1938, na NASA ilianzishwa mwaka 1958. Velcro ni ya Mswisi George de Mestral, aliyechunguza mbegu zilizong'ang'ania manyoya ya mbwa wake. Hata GPS ya simu yako ni ya jeshi la Marekani. Vitu hivi vilitumika angani vikapata umaarufu, watu wakadhani vilizaliwa huko.

Ila akisema zote ni porojo amezidisha, na ushahidi anao mkononi, kwenye simu yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Eric Fossum alikuwa maabara ya JPL ya NASA, California, akitafuta kamera ndogo isiyokula umeme mwingi kwa ajili ya vyombo vya anga. Sensa za wakati ule, za aina ya CCD, zilifanya kazi kama foleni ya watu wanaopokezana ndoo: mwanga uliokusanywa na kila nukta ulipitishwa kutoka nukta hadi nukta mpaka kwenye kikuza kimoja mwishoni. Fossum na wenzake waliweka kikuza ndani ya kila nukta, kwenye chipu inayotengenezwa kwa njia ile ile ya chipu za kompyuta. Wazo la namna hiyo lilikuwapo kabla, lakini wao ndio walioifikisha kwenye kitu kinachofanya kazi na kutoa picha nzuri. Umeme ukapungua sana na kamera nzima ikaingia kwenye kipande kimoja. Picha ambayo kaka yako alimpiga mtoto wake kwa simu jana imepita kwenye sensa ya ukoo huo. Hapa shida ya chombo cha anga na shida ya simu ni moja, betri ndogo na nafasi finyu, na ndiyo maana kifaa kilihama bila kuhitaji wakala wa kukipigia debe.

Ushahidi mwingine uko Mwanza. Walipoandaa chakula cha wanaanga mwanzoni mwa miaka ya 1960, kampuni ya Pillsbury ilikuta kwamba kuhakikisha hakina vijidudu kwa kupima chakula kilichokwisha kutengenezwa kungeteketeza sehemu kubwa ya chakula chenyewe kwenye vipimo. Na mwanaanga akiharisha njiani kwenda mwezini hana pa kwenda. Wakageuza utaratibu: tafuta kila hatua ambapo hatari inaweza kuingia, iwekee kikomo cha joto au muda, ipime hapo hapo, andika. Utaratibu huo ndio HACCP. Ulaya ilipozuia samaki wa Ziwa Victoria kwa vipindi mbalimbali kati ya 1997 na 2000, viwanda vya sangara vya Mwanza, Kisumu na Uganda vililazimika kuufuata ili virudi sokoni. Yule dada mwenye koti jeupe na kipimajoto kwenye mlango wa chumba baridi anafanya kazi iliyobuniwa kwa ajili ya watu wa Apollo. Hakuna aliyemwambia, na samaki hauzwi kwa jina la NASA.

Umeme wa jua uko katikati ya hadithi hizi mbili. Paneli ya silikoni ilitoka maabara za Bell mwaka 1954, ikawa ghali mno kwa matumizi ya kawaida. Satelaiti ya Vanguard 1 ya mwaka 1958 ndiyo iliyoonyesha thamani yake: redio ya betri ilizima ndani ya miezi michache, ile ya jua ikaita hadi 1964. Anga haikuvumbua, ilikuwa mteja wa kwanza aliyekubali bei.

Mwambie kaka pia kwamba tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, satelaiti ya kwanza ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi yake ya kisayansi, alipata tuzo ya Nobel mwaka 2002. Kampuni iliyotengeneza vifaa vyake vya kuchunguza eksirei, American Science and Engineering, ilikuja kutengeneza pia mashine za eksirei za kukagua mizigo.

Limebaki suala la kianzio. Usikimbilie kulipa salio ili elfu hamsini isipotee. Ikipotea, umepoteza elfu hamsini na si laki tisa. Waandikie ujumbe wa simu, siyo kuongea tu, ukitaka urejeshewe kwa sababu bidhaa ilinadiwa kwamba inatibu magonjwa. Tunza risiti na vipeperushi vyao vyenye maneno hayo ya presha na kisukari. Wakikaidi, Tume ya Ushindani, FCC, inapokea malalamiko ya walaji, na wenzako wa kikoba waliolipa waungane nawe, maana malalamiko ya watu wanane yanasikika kuliko ya mmoja. Pesa iliyobaki igawe hivi: nauli na vipimo vya mama kwanza, kisha sampuli ya maji, kisha mfereji wa bati na simtanki kabla ya mvua za masika. Godoro liache mpaka daktari amemwona mama.